Chatu anapokataa kula: Joto, utulivu na subira kabla ya yote

CHATU aliyefungiwa anaweza kukaa mwezi mzima, na hata zaidi, bila kugusa chakula anachopelekewa. Kwa mfugaji aliyezoea ng'ombe au kuku hali hiyo inatisha, kwani ng'ombe anayesusa majani kwa siku mbili huitiwa daktari, na kuku asiyedonoa asubuhi huenda asifike jioni. Kwa chatu hesabu ni nyingine. Mara nyingi kususa kwake si ugonjwa, bali ni dalili kwamba kuna jambo lisilo sawa mahali anapoishi. Katika mji wa Moshi na vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, jambo la kwanza la kuchunguza ni baridi.

Hata hivyo, wengi hawaanzi hapo. Huanza kwa kubadilisha chakula kila siku, kumtoa nyoka na kumshikashika ili achangamke, au kumfungua kinywa na kumsukumia nyama kwa nguvu. Nyoka aliyekuwa mzima, aliyehitaji joto na utulivu tu, huishia kuumizwa koo, kutapika na kudhoofika. Wako wanaokufa mikononi mwa watu waliokuwa na nia njema ya kuwaokoa.

Makala haya yanaeleza kwa nini chatu wa kufugwa hukataa chakula na hatua za kufuata, moja baada ya nyingine, hadi ale kwa utaratibu. Yanawahusu watunzaji wa bustani za nyoka zenye kibali, wanafunzi wa fani ya wanyamapori, madaktari wa mifugo wanaoulizwa maswali haya, na Watanzania waishio Ulaya na Marekani, ambako chatu ni nyoka wa kawaida majumbani.

Chatu wawili, tabia moja

Chatu anayejulikana Tanzania ni yule mkubwa wa Afrika, nyoka mrefu kuliko wote barani humu, anayeweza kuzidi mita tano. Wataalamu humgawa katika jamii mbili, ya kaskazini na ya kusini, zinazofanana sana kwa macho. Hupenda maeneo yenye joto na yaliyo karibu na maji. Huyu ndiye anayeonyeshwa katika bustani za nyoka za Afrika Mashariki.

Chatu anayefugwa zaidi majumbani duniani ni mwingine, mdogo, anayeitwa kitaalamu Python regius, yaani chatu wa kifalme. Kwao ni ukanda unaoanzia Senegal, ukapita Ghana, Togo, Benin na Nigeria, hadi kaskazini magharibi mwa Uganda. Hapatikani porini Tanzania. Ni mara chache kuzidi mita moja na nusu. Akiogopa hujiviringa akawa kama mpira na kuficha kichwa katikati, tabia iliyompa jina lake la mitaani huko Marekani. Kwa miaka mingi Ghana, Togo na Benin zimesafirisha nyoka hawa wakiwa hai kwenda masoko ya ng'ambo.

Chatu huyu mdogo ana sifa moja inayowasumbua wote wanaomfuga: hususa chakula kwa urahisi kuliko nyoka wengi wanaofugwa. Chatu mkubwa naye hususa kwa sababu zilezile. Vipimo vilivyotajwa hapa ni vya chatu mdogo, lakini kanuni ni za wote wawili.

Kwa nini anaweza kufunga muda mrefu

Nyoka hatengenezi joto la mwili wake kutokana na chakula kama afanyavyo binadamu au mbuzi. Hulipata kutoka nje, kwenye jua, mawe na udongo wenye moto. Kwa kuwa hatumii chakula kujipasha joto, mahitaji yake ni madogo mno, na chatu mzima mwenye afya anaweza kufunga miezi kadhaa akapungua uzito kidogo tu.

Kazi kubwa kwake ni kusaga chakula. Katika miaka ya 1990 watafiti Stephen Secor na Jared Diamond walichunguza chatu wa Burma na kuonyesha kwamba baada ya mlo mkubwa mwili wake hubadilika kabisa. Utumbo hunenepa, ini na figo huongezeka uzito, na matumizi ya nguvu hupanda zaidi ya mara 40 kuliko wakati wa mapumziko. Mwaka 2005 watafiti wengine waliripoti katika jarida la Nature kwamba hata moyo wa chatu huyo hukua kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili baada ya kula. Mlo ukiisha, viungo hivyo husinyaa tena.

Hapo ndipo siri ya kususa ilipo. Kwa chatu, kula ni sawa na kuwasha kiwanda kizima, na kiwanda hicho hakiendeshwi bila joto. Nyoka aliyemeza panya kisha akapatwa na baridi huweza kushindwa kumsaga, panya akaoza tumboni. Nyoka huyo hulazimika kumtapika, na kutapika humtoa maji, humchubua koo na kumdhoofisha. Hivyo mwili wa chatu unapohisi kwamba joto la kusagia chakula halipo, hukataa kuanza. Mtunzaji huona kiburi, lakini hiyo ni busara ya mwili.

Baridi ya mlimani

Mji wa Moshi uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hufunika mlima, jua huonekana kwa nadra, na joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 18 za Selsiasi. Kwa kawaida, kila unapopanda mita 100 joto hupungua kwa takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo. Kijiji kilicho mita 600 juu ya mji, kama vilivyo vingi vya Marangu, Kibosho, Uru na Machame, huwa na baridi zaidi kwa nyuzi tatu au nne. Mtu huvaa sweta; chatu hana la kuvaa.

Ndiyo maana maelekezo yanayofaa pwani hayafai mlimani. Shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa na James Ashe mwaka 1980 huko Watamu, Kenya, liko usawa wa bahari, ambako hata usiku wa Julai ni wa vuguvugu. Bustani ya Nyoka ya Meserani, iliyoanzishwa na familia ya Bale mwaka 1993 katika barabara itokayo Arusha kwenda Dodoma, na iliyojulikana pia kwa zahanati yake ya kutibu walioumwa na nyoka, iko katika ukanda wa baridi. Sanduku lilelile, nyoka yuleyule na panya yuleyule huweza kuleta matokeo tofauti katika sehemu hizo mbili.

Chatu mdogo anahitaji makazi yenye pande mbili. Upande mmoja uwe wa moto, wenye nyuzi 31 hadi 33 pale anapolala. Upande wa pili uwe wa baridi kiasi, nyuzi 25 hadi 27. Usiku joto lisishuke chini ya nyuzi 24. Nyoka huhama mwenyewe kutoka upande mmoja kwenda mwingine kulingana na haja yake. Akiwekwa katika joto la namna moja tu, ananyimwa uhuru huo.

Kipimo kifanywe kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Kiganja cha binadamu kina joto la zaidi ya nyuzi 30, hivyo sehemu yenye nyuzi 24 huonekana ya baridi na yenye nyuzi 35 huonekana ya kawaida. Weka vipimajoto viwili, kimoja kila upande, kwa usawa wa sakafu ambako nyoka yupo. Kipimajoto kilichotundikwa juu ya kizimba kinapima hewa ambayo nyoka haishi ndani yake.

Chanzo cha joto kinaweza kuwa pedi ya umeme inayowekwa chini ya theluthi moja ya sakafu, au taa iliyo nje ya wavu. Vyote viunganishwe na kidhibiti joto kinachozima na kuwasha chenyewe, kwa sababu nyoka huweza kulalia kitu cha moto hadi akaungua bila kuondoka. Taa isiyo na wavu ndani ya kizimba ni hatari, kwani chatu huizungukia.

Umeme unapokatika, usikimbilie jiko la mkaa. Moshi na hewa yenye sumu itokayo kwenye mkaa huua ndege, nyoka na binadamu katika chumba kilichofungwa. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa kinene, zikibadilishwa kila baada ya saa kadhaa, zinatosha kumvusha usiku mmoja. Kizimba kifunikwe blanketi, huku pakiachwa nafasi ya hewa. Na kama umeme umekatika kwa muda mrefu, usimlishe siku hiyo. Subiri hadi joto litakapokuwa limetulia kwa siku mbili.

Waliowahi kulea vifaranga wanazijua kanuni hizi. Kifaranga wa siku moja bila taa hukusanyika pembeni, hulia bila kula. Mama wa Kichaga anayelea vifaranga mia moja kihambani Julai anajua kwamba chakula bora hakina maana kama banda ni baridi. Tofauti ni kwamba kifaranga hulalamika kwa sauti, ilhali chatu hunyamaza.

Mahali pa kujificha

Joto likishakuwa sawa, sababu ya pili ya kususa ni woga. Porini chatu mdogo hushinda mchana ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, na hutoka gizani. Akiwekwa katika kizimba cha kioo sebuleni, chenye mwanga pande zote na watoto wanaogonga, huishi kama mtu aliyelazwa sokoni. Mnyama anayehofia kuliwa hali.

Weka maficho mawili, moja kila upande, ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Maficho yawe madogo, yanayomgusa mgongoni na ubavuni anapojikunja. Nusu ya chungu kilichovunjika, kikipigwa msasa kingo zake, inafaa kabisa, na hata boksi gumu lenye tundu moja linatosha. Kosa la kawaida ni kuweka pango kubwa zuri linalompendeza mtazamaji, lakini linamwacha nyoka akiwa wazi ndani yake.

Nyoka mchanga akiwekwa kwenye kizimba kikubwa kitupu huweza kususa hadi apewe kidogo. Kama kizimba hakibadilishiki, jaza majani makavu, magome na matawi yaliyosafishwa ili pasiwe na uwanja mtupu. Funika pande tatu za kioo kwa karatasi nyeusi.

Unyevunyevu nao una nafasi yake. Asilimia 50 hadi 60 zinatosha siku za kawaida, na zaidi kidogo anapokaribia kujivua gamba. Katika masika ya Moshi hewa hujaa unyevu wenyewe, na hatari huwa ni ukungu kwenye matandiko. Kiangazi, upepo na pedi ya joto hukausha kizimba upesi, hivyo bakuli la maji lisikosekane.

Chakula gani na kiasi gani

Chatu hula mnyama mzima: nyama, mifupa, ini na manyoya. Mnofu wa bucha haumtoshi, kwa sababu hauna chokaa ya mifupa wala virutubisho vya viungo vya ndani. Chakula cha kawaida ni panya weupe waliozalishwa kwa kusudi hilo, na kwa chatu mkubwa ni sungura au kuku.

Panya wa kukamatwa dukani, shambani au kihambani wasitumiwe hata kidogo. Wengi wamekula sumu, na sumu hiyo humfuata nyoka. Pia hubeba vimelea. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa wenye homa ulionyesha kwamba leptospira, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama wakiwamo panya, ni miongoni mwa sababu halisi za homa katika mkoa huu. Anayeshika panya wa mtaani kwa ajili ya nyoka wake anahatarisha pia watu wa nyumbani kwake.

Ukubwa wa mlo hupimwa kwa macho au kwa mizani. Kwa macho, panya awe na unene ulio sawa na sehemu nene ya mwili wa nyoka, au uliozidi kidogo sana. Kwa mizani, nyoka mchanga apewe mlo wenye uzito wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Nyoka wa gramu 200, kwa mfano, apewe panya wa gramu 20 hadi 30. Mtu mzima hahitaji hata asilimia hizo.

Kuhusu muda, nyoka wachanga hulishwa kila baada ya siku tano hadi saba, wanaokua kila siku saba hadi kumi, na watu wazima kila wiki mbili hadi nne. Nyoka wengi wanaosemekana kususa kwa kweli wameshiba. Mtu mzima anayepewa panya mkubwa kila wiki hunenepa, kisha hufunga mwenyewe miezi miwili kurekebisha hesabu.

Namna ya kumpa

Mpe jioni au usiku, taa zikiwa zimepunguzwa. Mpe chakula kilichokwisha kufa. Panya hai akiachwa na nyoka asiyetaka kula humgeukia nyoka na kumng'ata, na majeraha ya meno ya panya mgongoni mwa nyoka ni makubwa na ya kudumu. Isitoshe, nyoka aliyeng'atwa mara moja huweza kuwaogopa panya wote.

Panya aliyegandishwa ayeyushwe polepole ndani ya jokofu kwa usiku mmoja. Kisha atiwe katika mfuko wa plastiki na kuwekwa ndani ya maji ya moto yasiyochemka hadi ngozi yake ifikie nyuzi 37 hadi 40. Asipikwe wala kuchemshwa. Panya walioyeyuka kwa sababu ya kukatika kwa umeme watupwe, wasigandishwe tena.

Joto hili la panya ndilo linaloamua mambo. Kwenye midomo ya chatu kuna vishimo vidogo vinavyohisi joto la kiumbe gizani. Panya aliyeyeyuka lakini bado wa baridi ni kama jiwe lenye harufu. Nyoka humnusa kwa ulimi, asimtambue, akaondoka. Mara nyingi sana tatizo lililodumu wiki nyingi huisha siku panya anapopashwa joto vizuri, hasa kichwani.

Mshike panya kwa koleo refu, si kwa vidole. Msogeze taratibu mbele ya maficho, kana kwamba anapita njia, kisha mwache. Usimgonge nyoka usoni. Akimshika na kumkaba, achia koleo na usisogee, maana mtikisiko wowote unaweza kumfanya amwache. Kama hakumgusa, mweke panya mlangoni mwa maficho, zima taa, funga mlango na usirudi hadi asubuhi. Nyoka wengi wenye aibu hula pasipo na mtu. Asubuhi panya asiyeliwa atupwe.

Chatu mkubwa wa Afrika ana sharti la ziada: asilishwe na mtu mmoja. Nyoka aliyezidi mita mbili na nusu ahudumiwe na watu wazima wawili au zaidi. Aliyeshika sungura muda mfupi uliopita anabeba harufu ya chakula mikononi, na chatu hatofautishi harufu hiyo na mkono wenyewe.

Baada ya mlo, asishikwe kwa muda wa saa 48 angalau, au hadi uvimbe wa tumboni upungue. Akitapika, mwache siku 10 hadi 14 akiwa na maji na joto tu, kisha anza upya kwa mlo mdogo kuliko wa kawaida.

Akiendelea kususa

Mtunzaji aanze na daftari. Aandike tarehe ya kila mlo uliotolewa, aina na uzito wa chakula, kama kililiwa au la, joto la pande zote mbili, siku ya kujivua gamba na uzito wa nyoka kila baada ya wiki mbili. Bila daftari, mtu husema nyoka hajala muda mrefu, na daktari hana la kufanyia kazi. Kwa daftari, huonekana wazi kwamba alisusa tangu wiki ya kwanza ya Juni, au tangu kizimba kilipohamishiwa karibu na redio.

Pili, asijaribiwe kila siku. Mpe chakula mara moja kwa wiki, si zaidi. Kila jaribio lisilofaulu ni usumbufu mpya, na nyoka huanza kuhusisha harufu ya panya na kero. Kati ya jaribio na jaribio asishikwe wala kutolewa.

Tatu, abadilishiwe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Wiki hii joto, wiki ijayo maficho, inayofuata aina ya chakula. Anayebadilisha vitu vitano kwa siku moja hatajua kilichosaidia.

Aina ya chakula ina mantiki yake pia. Utafiti wa Luca Luiselli na Francesco Angelici uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu chatu hawa kusini mashariki mwa Nigeria ulibaini kwamba madume na wachanga, ambao hupanda miti zaidi, hula ndege kwa wingi, wakati majike hula zaidi wanyama wenye manyoya. Kwa hiyo dume linalokataa panya huenda likakubali kifaranga. Vifaranga wa siku moja hupatikana Moshi bila taabu. Akishakula kifaranga mara mbili tatu, panya aliyesuguliwa kwa manyoya ya kifaranga huweza kumrudisha kwenye chakula cha kawaida.

Njia nyingine ni kumweka nyoka mchanga pamoja na mlo wake uliokufa ndani ya boksi dogo lenye giza na matundu ya hewa, upande wa joto, usiku kucha. Ufinyu humpa utulivu, na harufu haina pa kukimbilia.

Kufunga kwa kawaida na kufunga kwa ugonjwa

Kuna nyakati ambazo chatu hufunga kwa haki. Macho yakigeuka rangi ya samawati yenye ukungu na ngozi ikififia, anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri, hivyo asilishwe hadi amalize. Madume waliokomaa hufunga majira ya kupandana, mara nyingi wakati wa baridi. Jike mwenye mimba hupunguza kula, na anayeatamia mayai haachi mayai yake kwenda kutafuta chakula. Nyoka aliyehamishwa kutoka mahali pengine aachwe wiki moja hadi mbili kabla ya kupewa mlo wa kwanza.

Aliyekamatwa porini ndiye mgumu kuliko wote. Huja na hofu, minyoo na kupe, na baadhi hawakubali kula kabisa katika kifungo. Hiyo ni sababu ya kibaolojia, mbali na ya kisheria, ya kutomchukua chatu porini. Aliyezaliwa kizimbani na aliyekwisha kula panya waliokufa ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi.

Mpaka kati ya subira na hatari huonyeshwa na mizani. Chatu mtu mzima wa gramu 1,500 aliyepoteza gramu 40 kwa miezi miwili hana shida. Akipoteza gramu 150, yaani asilimia 10, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Nyoka mchanga hana akiba hiyo, hivyo asisubiriwe miezi.

Bila kujali uzito, daktari aitwe mara moja iwapo nyoka anatoa povu au mapovu puani, anapumua kwa mlio, ameachama, ana usaha au wekundu ufizini, anatapika mara kwa mara, ana utitiri unaotembea kwenye magamba, au anashindwa kugeuka akilazwa chali. Magonjwa ya kifua hufuata baridi, na kwa hiyo huonekana zaidi Juni na Julai. Uti wa mgongo ukianza kuchomoza na ngozi ya ubavuni kukunjamana, muda wa majaribio ya nyumbani umekwisha.

Kulisha kwa nguvu ni kazi ya daktari au mtaalamu aliyefundishwa, na ni hatua ya mwisho. Meno ya chatu yameelekea ndani. Chakula kinachosukumwa ovyo huyavunja na kuchana koo, na mdomo huanza kuoza. Anayemlisha kwa nguvu nyoka aliye katika kizimba cha nyuzi 20 anamwongezea tatizo: kwanza alikuwa na njaa, sasa ana nyama inayooza tumboni.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa nyoka au vyombo vyake, kwani nyoka hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua. Visu, mabakuli na beseni la kuyeyushia panya visichanganywe na vya jikoni.

Sheria inasemaje

Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na huwezi kumkamata au kumfuga chatu bila kibali. Bustani na mashamba ya wanyamapori husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Chatu wote wamo pia katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kuwavusha mpaka kunahitaji hati. Mtanzania aliye ughaibuni afuate sheria ya nchi aliyomo, na asifikirie kurudi na nyoka wake katika sanduku.

Anayemkuta chatu shambani au kwenye mfereji asimuue wala kumweka kwenye gunia kwa nia ya kumfuga. Atoe taarifa kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Wanaotaka kujifunza kwa undani wana bahati ya kuwa na Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko hiyohiyo ya Kilimanjaro. Kwa upande wa tiba, madaktari wa mifugo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro.

Mtunzaji ambaye nyoka wake hajala leo na afuate mpangilio huu: apime joto pande zote mbili, hasa alfajiri ambapo baridi ya mlima ni kali zaidi, aongeze maficho, amwache wiki nzima bila kumgusa, kisha ampe panya mdogo aliyepashwa joto, usiku, na kuondoka. Akikataa, aandike kwenye daftari na kusubiri wiki nyingine. Ilimradi mizani haijashuka, mvumilivu hula mbivu, na chatu naye hatimaye hula.